Aliyeitika Ndani ya Kaseti

Kavugho aliaga kwamba anaenda kununua uzi.

Uongo mtupu, jamani. Uzi alikuwa nao wa rangi zote, fundi cherehani gani wa Butembo anakosa uzi? Ndani ya kikapu, chini ya vipande vya kitenge, alikuwa ameficha radio-kaseti yake ndogo na kaseti ya harusi yake. Saa kumi na moja ilikuwa inakaribia. Ukungu ulikuwa umeanza kuteremka kutoka milimani.

Mama mkwe wake, Germaine, alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe.

"Uzi ya nini tena?" aliuliza bila kuinua macho. "Kesho ni kilio ya mutoto yangu, na weye unafikiri mambo ya kushona?"

Kavugho alikaza kikapu kwapani. Alipita.

Mtoto aliyetajwa hapo ni Maliro, mume wa Kavugho. Alitoka nyumbani mwezi wa tatu na baiskeli yake kwenda Kamango, kule mpakani, kuleta vitenge. Na sindano. Asubuhi ile Kavugho alimwambia sikioni, watu wengine wamelala, "Usisahau sindano yangu ya machine, numero kumi na sita." Maliro akacheka, akasema hata akisahau kichwa, sindano hatasahau. Sasa ulikuwa mwezi wa nane. Vita ilikuwa imekula barabara ile, leo askari wa huyu, kesho askari wa yule, na waliokwenda na Maliro walirudi wawili tu, hawana baiskeli wala habari.

Wazee wa ukoo wakakata neno. Jumapili watazika mgomba. Ndivyo familia ile ilivyofanya tangu zamani: mtu akipotea mbali na mwili wake usionekane, shina la mgomba huviringwa shuka, hulazwa kaburini, huliliwa kama mtu, na jina lake linafungwa. Kavugho alikataa, akalia, akagombana nao wote. Nani amsikilize? Alibakiwa na jioni hiyo moja tu ya kupata habari kwamba mume wake yu hai, na habari hiyo alikuwa anaitafuta kwa mwanamuziki mwenye kichaa.

Sikieni habari za Zorobabel kwanza.

Huyo alikuwa mpiga gitaa wa rock, mzaliwa wa Masereka. Rock, nasema, si rumba. Mji mzima unacheza rumba, yeye anapiga gitaa linalolia kama bati linalokatwa msumeno, limeunganishwa na betri ya lori. Alipiga akiwa amewapa watu mgongo, uso ukutani. Na libanga mnaijua: mwanamuziki hutupa majina ya matajiri katikati ya wimbo, na tajiri akisikia jina lake anavimba. Zorobabel naye alitupa majina. Lakini hakuna aliyewajua watu aliowataja. Wapenzi wake walisema ndio ufundi wenyewe huo.

Kavugho ndiye aliyemshonea koti lake la jukwaani, la magunia ya mchele, na ndani ya koti Zorobabel akataka ashonewe majina. Zaidi ya mia. Kwa kila jina alisimama karibu na cherehani na kunong'ona kama anayeungama. Siku moja, kwa mchezo tu, Kavugho alimwambia ataweka na jina la mume wake.

Zorobabel alishika gurudumu la cherehani kwa mkono. Mashine ikasimama kwa kishindo.

"Maliro alikufa?"

"Hapana! Weye nawe!"

"Basi usiweke. Weka ya bale balikufa tu. Mutu muzima, hapana."

Kavugho alicheka mpaka machozi. Wasanii, alisema. Kisha akasahau.

Zorobabel alihamia Beni, vita ikachacha, na mwaka wa pili akapotea huko. Wengine walisema amevuka kwenda Uganda, wengine wakasema amekufa. Ndipo Josaphat, kijana wa cyber ya kwanza mjini, ile yenye paraboli kubwa juu ya paa, alipompata tena. Si yeye mwenyewe, sauti yake. Kuna redio kwenye internet, isiyojulikana iko nchi gani, kila Jumamosi saa kumi na moja inapiga tamasha la Zorobabel nusu saa, halafu inakatika.

Josaphat hakulala wiki nzima kwa furaha. Alikuwa na daftari tatu zimejaa maonyesho yote ya Zorobabel: tarehe, mahali, wimbo wa kwanza, kamba zilizokatika. Ni yeye aliyemwambia Kavugho, "Kwa ile page beko na nafasi ya kuandika ujumbe. Tuandike jina ya Maliro. Zorobabel akilitupa, dunia yote itasikia. Mutu yeyote kule Kamango mwenye alimuona, ataleta habari."

Na Kavugho, mwenye akili zake timamu, akakubali. Mapenzi hayaulizi mara mbili. Josaphat akaandika barua pale pale, akabonyeza.

Jumamosi ile walikuwa watatu ndani ya cyber. Wa tatu alikuwa Urbain, mtu wa Kasai, karani wa serikali aliyeletwa kazini kabla ya vita na vita ikamfungia huku. Alipenda rock kuliko mshahara wake, na kupingana na Josaphat kuliko rock yenyewe.

"Mon cher, kamba ilikatika," alikuwa anasema wakati Kavugho anaingia. "Ilikatika tu. Hiyo haiko art."

"Ilikatika ku minute ya ine! Na ku Beni, mwaka ule, ilikatika ku minute ya ine. Donc kamba iko na saa?"

"Iko na kutu!"

Josaphat alikuwa ametoa waya kwenye tundu la kusikilizia la kompyuta na kuugawa vichwa viwili: kimoja kwenye radio-kaseti yake kubwa, kingine kwenye ile ndogo ya Kavugho. Kaseti tupu sokoni hazikuwepo tangu barabara ifungwe. Ndiyo maana Kavugho alileta ile ya harusi. Vijino vyake vya nyuma vilikuwa vimevunjwa zamani ili mtu asirekodi juu yake, na yeye alikuwa amevijaza karatasi iliyotafunwa. Moyo ulimuuma kidogo. Lakini nyimbo za harusi ni za nini, mwenye harusi akiwa amepotea?

"Muko tayari?"

Wakabonyeza pamoja.

Kwanza ukaja mchakacho tu, kama mvua juu ya bati. Halafu gitaa. Sauti ilikuja, ikakatika, ikaja. Josaphat alikuwa amefumba macho. Urbain aligonga meza kwa kidole. Jenereta uani ikapunguza mlio wake, taa ikafifia ikawa ya rangi ya chai.

Kukawa na harufu ya udongo. Udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Nani ameacha mulango wazi?" alinong'ona Urbain.

Mlango ulikuwa umefungwa.

Gitaa likanyamaza. Saa ya ukutani ilionyesha kumi na moja na robo. Na ile sauti nzito, ya mtu aliyeelekea ukutani, ikasema taratibu:

"Maliro..."

Kavugho alishika meza.

"Maliro..."

Kimya. Mtu akipumua.

"Maliro."

Halafu ikakatika. Mtandao ulikufa palepale. Josaphat aliruka juu akimkumbatia Urbain, libanga limetupwa, libanga limetupwa! Akarudisha nyuma kaseti ya Kavugho ili wasikie tena. Mchakacho. Gitaa. Maliro. Maliro. Maliro. Na hapo, baada ya jina la tatu, chini kabisa ya mchakacho, mbali, mtu akaitika.

"Niko hapa."

Ee Mungu! Sauti ya mume wako utaisahau? Kavugho alipiga kelele mpaka mlinzi wa jenereta akaja na panga. Yu hai! Yuko pamoja na Zorobabel, popote pale! Alichukua radio-kaseti yake, akakimbia nayo nyumbani giza likiingia, anacheka na kulia, mwenye kumsalimia asijibiwe.

"Mama! Maliro iko! Sikia!"

Germaine alisikiliza akiwa amesimama. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Aliposikia sauti ile ikiitika, hakucheka. Alikaa chini.

"Nani huyu anayeita?"

"Zorobabel. Ule wa gitaa."

"Wa Masereka? Mutoto wa yule mama..." Germaine alivuta kilemba chake mdomoni. "Kavugho, nani alimupatia jina ya mutoto yangu?"

Germaine alimweleza kwa sauti ya chini, ingawa hakukuwa na mtu mwingine ndani. Yeye na mama yake Zorobabel walikua pamoja Masereka, na kazi ya mama huyo ilikuwa kuita. Mtu akifia mbali, yule mama alichukua chungu kipya, akaenda njia panda jua likizama, akaita jina mara tatu ndani ya chungu. Akisikia kitu kimeingia, anakifunika, anakileta nyumbani bila kusema na mtu, bila kuangalia nyuma. Chungu kinazikwa, na marehemu anakuwa amerudi kwao.

"Na akimuita mutu muzima?"

Germaine alizima radio-kaseti.

"Nani mwenye akili anaweza kumuita muzima? Muzima akiitika, anafuata wafu."

Hapo ndipo Kavugho alipokumbuka mkono juu ya gurudumu la cherehani. Mtu mzima, hapana.

Jumapili mgomba haukuzikwa. Wazee waliambiwa Germaine ni mgonjwa, na kweli alikuwa mgonjwa, hakula. Jumatano akaja Kamate, mchuuzi wa mafuta ya mawese, ametelemka kwenye lori kutoka Beni. Hakutaka kukaa. Alisimama na kofia mkononi.

"Mimi nilimuona Maliro," alisema.

Wanawake wote wawili waliinuka.

Maliro alitoka porini siku ya Alhamisi, amekonda, mguu umevimba, na akapokelewa nyumba moja ya wakimbizi huko Ruwenzori, ule mtaa wa Beni. Alisema akipata nguvu ataanza safari ya Butembo. Jumamosi jioni walikuwa wanakula maharagwe, yeye na Kamate, sahani moja.

"Saa ngapi?" Kavugho aliuliza. Hakutaka kusikia jibu.

"Padri alikuwa amepiga kengele ya kumi na moja, kitambo kidogo. Maliro akainua kichwa, akasema, banaita mie. Mie sikusikia kitu. Akakula tena. Akasema, banaita tena. Nikamwambia, acha, ni njaa. Mara ya tatu akasema kwa nguvu, 'Niko hapa!' Akasimama. Akatoka inje na kijiko mu mukono."

"Halafu?"

Kamate alizungusha kofia yake.

"Kulikuwa basoda, baaskari, banapita na kubeba batu ya kubebesha masanduku. Labda balimubeba. Sijue. Nilitoka, barabara ilikuwa wazi. Kijiko kilikuwa chini."

Baada ya hapo ndani ya nyumba ile hapakuwa na ubishi tena. Germaine alinunua chungu kipya. Ijumaa, jua likizama, waliweka ndani kaseti iliyokuwa na sauti ya Maliro, wakafunika kwa jani la mgomba na kamba, wakakizika kwenye migomba nyuma ya nyumba. Germaine alilia kwa mdomo uliofungwa, maana kwa maziko hayo kilio hakipigwi. Kavugho aliomba msamaha kwa udongo mpaka sauti ikaisha.

"Sikia muzuri," Germaine alimwambia wakinawa mikono. "Atakuya. Batu kama yeye banafuata chungu chao. Atafika ku mulango, ataita mara tatu. Hapana itika. Hata akilia. Ukiitika, unaenda naye. Bakichoka kuita, banalala ku chungu, na inaisha."

"Mama, na kama..."

"Hapana itika."

Jumamosi mvua ilianza mchana. Ilinyesha ile ya Butembo, ya kuingia mifupani. Kufikia saa kumi na moja barabara ilikuwa tupu, na nyumbani walikuwa wawili tu, mlango umefungwa kwa komeo, cherehani imefunikwa. Germaine alikuwa na rozari. Kavugho alikuwa anahesabu matone yaliyovuja ndani ya beseni.

Mbwa wa jirani alibweka mara moja. Akanyamaza.

Hatua.

Mtu anatembea kwenye matope, polepole, mguu mmoja mzito kuliko mwingine. Zikavuka uani. Zikafika barazani. Harufu ikapita chini ya mlango, ya moshi, jasho na udongo mbichi.

"Kavugho..."

Sauti ilikuwa imekauka. Lakini ilikuwa ni yeye.

Germaine alimrukia na kumziba mdomo kwa kiganja. Rozari ilikuwa bado mkononi, shanga zikamgonga meno.

"Kavugho, ni mie. Fungua."

Mvua. Mvua tu. Machozi ya Kavugho yalikuwa yanapita juu ya vidole vya mkwe wake. Alitaka kuitika. Msimdanganye mtu kwamba woga unashinda mapenzi, vinapigana tu, na siku ile aliyekuwa na mkono mdomoni ndiye aliyeamua.

Kitu kiliegemea mlango. Mbao zikalia. Halafu, chini, karibu na kizingiti, kama mtu aliyechutama:

"Mama... muko?"

Germaine alifumba macho. Alichukua pembe ya kitenge chake, akaiingiza mdomoni, akaiuma. Mama mzazi. Akaiuma mpaka ufizi ukatoka damu.

Hawakuitika.

Walikaa hivyo, sijui muda gani. Halafu hatua zikageuka. Mguu mzito, mguu mwepesi. Hazikwenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Zilikwenda barabarani. Kavugho alilisikia hilo vizuri, lakini kulielewa alilielewa baadaye.

Jumapili kengele ya misa ya kwanza ilipolia, walifungua. Uani kulikuwa na maji tu. Lakini barazani, juu ya kizingiti, palipokuwa pakavu, kulikuwa na jiwe dogo, na chini ya jiwe kifuko cha plastiki kilichofungwa kwa uzi.

Ndani yake kulikuwa na sindano za cherehani. Numero kumi na sita.

Kavugho hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwa Josaphat, kanga begani, hana viatu, akamwambia afungue cyber ampigie kaseti yake yeye, ile kubwa, ya Jumamosi ya kwanza. Josaphat aliipiga. Mchakacho. Gitaa. Maliro. Maliro. Maliro.

Halafu hakuna kitu. Sauti ikakatika, basi.

"Wapi ile 'niko hapa'?"

Josaphat alijikuna kichwa. Alirudisha mara tatu.

"Kaseti yako ilikuwa na nini mbele?"

"Harusi yangu."

"Basi kichwa cha radio yako iko na uchafu," alisema polepole. "Haikufuta muzuri. Ya zamani inabaki chini chini. Ku harusi... padri aliita majina yenu ku mulango wa kanisa, si ndiyo?"

Ndiyo. Padri aliita. Na Maliro, suti ya kuazima, jasho kwenye paji la uso, aliitika kwa sauti mpaka watu wakacheka. Niko hapa. Kavugho alikuwa amesimama ubavuni kwake.

Alikaa chini sakafuni.

"Lakini Zorobabel alimuita," alisema baadaye. "Kamate alisema. Saa ile ile. Zorobabel alipata barua yetu, akamuita."

Josaphat alianza kulia. Kijana wa watu, alilia kama mtoto aliyevunja sahani.

"Mama Kavugho, unisamehe. Siku ile connexion ilikuwa imekatika. Nilibonyeza tu ili ufurahi. Ile barua haikuenda."

Kompyuta ilikuwa imezimwa, waya wa vichwa viwili unaning'inia.

"Ba Maliro beko mingi," Urbain alisema baadaye alipoelezwa, lakini alisema akiangalia pembeni, na Jumamosi iliyofuata hakuja kusikiliza. Redio ile nayo haikupatikana tena. Josaphat aliitafuta mpaka akachoka.

Germaine alipoonyeshwa sindano, alizihesabu, akazifunga tena kwenye kifuko chake, akazirudisha. Alisema neno moja tu, na tangu siku hiyo hakulirudia wala hakutaka lirudiwe mbele yake.

"Wafu hapana beba muzigo."

Kavugho alitafuta. Alikwenda Beni kwa miguu, akauliza Ruwenzori nyumba kwa nyumba, akauliza askari, akauliza makaburi. Tangu jioni ile ya kijiko, hakuna aliyemwona tena mtu mwenye mguu uliovimba. Chungu hakukifukua, maana hajui akikifungua anataka kukikuta na nini.

Mpaka leo anashona, kwa sindano za zamani. Zile za kifuko ziko juu ya kabati, hazijaguswa. Na kila Jumamosi, saa kumi na moja ikikaribia, anasimamisha mashine, anaondoa komeo, anafungua mlango wazi kabisa, hata mvua inyeshe, na kukaa kizingitini na mdomo wazi kidogo, jibu liko tayari kwenye ulimi.

Hakuna anayeita.